Vidole Vitano na Siku ya Kumi: Kupima Dalili za Akina Mama Walio kwenye Tiba ya Saratani ya Titi, Kasese na Bwera



Naanza na hesabu ya siku, maana kosa letu sisi wauguzi limejificha humo. Dripu nyingi za saratani ya titi hutolewa kila baada ya siku 21. Kichefuchefu humtesa mama siku za mwanzo. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka, na homa ikimpata hapo yaweza kumuua. Ifikapo siku ya 21 mwili umeanza kujikusanya, na hiyo ndiyo siku tunayomuuliza, "Unaendeleaje, mama?" Amesafiri zaidi ya kilomita 350 hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Anaogopa kwamba akitaja maumivu dripu itaahirishwa na nauli ipotee bure. Anajibu, "Niko sawa." Wala hadanganyi. Zile siku mbaya alizimaliza nyumbani, Bwera, bila mtu wa kumuuliza.

Vipimo vipo. Dodoso la EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, lina maswali 30 kwa saratani zote, na nyongeza ya maswali 23 kwa titi peke yake. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini swali lake la kwanza, likipima nguvu za mwili, linatoa mfano wa mfuko mzito wa ununuzi na sanduku la safari. Mama wa milima ya Rwenzori hubeba jerikani ya lita 20 na kapu la kahawa, akipanda. Ukimuuliza kama amechoka, atasema ndiyo; kila mkulima huchoka jioni. Muulize wiki hii maji ameteka nani. Akisema binti yake ameacha shule siku 3 ili ateke, umeupata uchovu wa dawa, na umepata pia gharama yake.

Mimi naegemea kipimo kilichoandaliwa kwa ajili ya Afrika, APCA African POS, cha chama cha huduma shufaa chenye makao Kampala. Maswali ni 10: 7 ya mgonjwa, 3 ya anayemuuguza. Alama ni 0 hadi 5, kwa hiyo mkono mmoja unatosha, hata kwa asiyesoma. Ngumi: hakuna maumivu. Vidole vyote: yamezidi. Ila tuwe macho, kwani kwenye swali la amani ya moyo vidole vitano ni heri. Anayejumlisha alama bila kukumbuka hilo atamwandika mwenye amani kuwa ndiye mwenye mateso.

Kipimo hicho hakitaji mkono uliovimba baada ya tezi za kwapa kuondolewa, wala ganzi ya nyayo inayoletwa na paklitaksel. Tuyaongeze. Kwa mkono, chukua tepu ya fundi cherehani, upime mikono yote miwili mahali palepale. Tofauti ya sentimita 2 inatosha kutushtua.

Je, kuuliza kunaponya? Matokeo yaliyotangazwa Marekani mwaka 2017 yalihusu wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa. Nusu ya walioripoti dalili zao mara kwa mara waliishi zaidi ya miezi 31.2, kwa waliohudumiwa kama kawaida ilikuwa miezi 26. Tusisahau kwamba kule dalili ikizidi muuguzi alipata taarifa, akachukua hatua. Kuandika vidole vitano vya maumivu kisha kufunga daftari ni ukatili. Uganda imewaruhusu wauguzi waliofunzwa huduma shufaa kuandika mofini tangu 2004. Ruhusa hiyo itumike.

Basi naomba tukubaliane hivi. Mhudumu wa kijiji apige simu au afike siku ya 3, ya 10 na ya 20. Siku ya 10 aanze na homa. Ikiwapo, mama afikishwe Hospitali ya Bwera siku hiyohiyo, na aseme mlangoni kwamba yuko kwenye dripu za saratani, asije akapewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani.

Na daftari la dalili akae nalo mama mwenyewe. Wengine wanavuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, Kongo, kwa ndugu zao, simu zetu haziwafikii, na siku ya 10 inaweza kuwakutia ng'ambo.