Masomo ya Baada ya Shule: Tulikokosea na Tunachoomba Mwaka Huu
(Maelezo ya Kamati ya Fedha kwenye hafla ya harambee, Dar es Salaam)



Kila mwaka sisi wa Kamati ya Fedha husimama hapa na kusoma mapato na matumizi, mkapiga makofi, tukaketi. Leo tunaomba radhi, tutaanza na kosa letu.

Mnakumbuka tulichanga kwa ajili ya masomo ya baada ya shule kwa watoto wa shule ya msingi moja ya serikali hapo Ngamiani. Vocha zote zilikuwa sawa na risiti zote zilikuwepo. Kilichotusumbua ni daftari la mahudhurio. Lilionyesha watoto 60 Jumatatu, 60 Jumatano, 60 hata siku za masika ambazo Ngamiani nzima ilikuwa chini ya maji. Kwa watu wa hesabu, namba isiyobadilika ni namba ya kutilia shaka.

Tukaenda bila kutoa taarifa. Tulikuta watoto 19 na mwalimu mmoja, darasa la nne na la saba pamoja, wote wananakili ubaoni. Ilipokaribia alasiri, zaidi ya nusu wakabeba mikoba wakaondoka. Walikuwa wanawahi chuoni! Sisi tuliolelewa Tanga, tuliochapwa kwa kuchelewa madrasa, tulipanga ratiba kana kwamba hatujui mtoto wa kwetu yuko wapi saa kumi.

Mwalimu hatumlaumu sana. Tulimlipa kwa idadi ya watoto, naye akatuletea idadi. Hakuna aliyemwuliza kama wanajua kusoma.

Muhula uliofuata tulibadili mambo. Tulikaa na mwalimu mkuu, wazazi na maustadhi. Masomo sasa huanza saa 8:30 na kwisha saa 9:45 mchana, siku tatu kwa wiki. Kabla ya yote, kila mtoto alipewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili aisome kwa sauti. Kipimo cha namna hiyo hakikubuniwa na sisi. Watafiti wa Uwezo wamekuwa wakikitumia nyumba kwa nyumba hapa nchini kwa miaka mingi. Mtoto mmoja wa darasa la sita, mrefu kuliko katibu wetu, alishindwa kumaliza aya ya kwanza. Akacheka. Kisha akauliza kama mama yake ataambiwa.

Watoto wamegawanywa kwa uwezo wa kusoma na kuhesabu, si kwa darasa. Tatizo likawa aibu: nani anataka kukaa na wadogo? Mwalimu mmoja wa kike akayapa makundi majina ya samaki, Changu, Kolekole na Nguru, na hakuna anayejua samaki yupi ni mkubwa kwa mwingine. (Wavuvi mliomo humu, msiwaambie.) Kila kundi halizidi watoto 20. Kila mwezi wanasoma upya, na aliyeweza anahama. Mwalimu analipwa kwa siku aliyofundisha, na mzazi mmoja wa zamu anasaini daftari pamoja naye.

Halafu kuna uji. Wapo wajumbe walioona ni anasa. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri, ifikapo saa nane na nusu hawezi kusikia habari ya kugawanya kwa tarakimu mbili. Siku ya uji darasa linajaa, na siku sufuria lilipokosa sukari tuliliona pengo daftarini.

Mtauliza, serikali je? Tangu Januari 2016 wazazi hawalipi ada hadi kidato cha nne, na tunashukuru. Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Igawanyeni kwa siku 194 za masomo: shilingi 52 hivi. Andazi hupati.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi jengo. Tunajua jengo linapigwa picha vizuri, na wapo waliokwisha kutuuliza jina litaandikwa wapi. Tunaomba posho za walimu wanne, unga, sukari, kuni, na vitabu vya hadithi ambavyo watoto wataruhusiwa kwenda navyo nyumbani hata kama vitachanika. Hivi vyote vitakwisha ifikapo Desemba, na mwakani tutarudi kuomba tena vilevile.

Yule wa darasa la sita alikuwa Changu. Mwezi uliopita amehamia Kolekole. Hadithi anaimaliza, kugawanya bado kunampiga chenga.

Daftari la mahudhurio la mwaka mzima liko mezani kwa mhazini, pamoja na siku zilizokuwa mbovu. Lipitieni kabla hamjaandika ahadi zenu. Fomu za ahadi ziko hapohapo.