Moyo Ukienda Mbio Usiku

Mwanangu unayenisikiliza, pengine uko kidato cha nne na mtihani wa Novemba unakaribia. Usiku unajigeuzageuza kitandani, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho. Huo si uvivu, wala hujarogwa. Mwili umehisi hatari, unajiandaa kukimbia. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Rudia mpaka mapigo yatulie.

Lakini huzuni ikidumu wiki 2, chakula hakipiti, mpira uliokuwa ukiupenda huutaki tena, mwambie shangazi, mwalimu, yeyote unayemwamini. Ukiwaza kujidhuru, usingoje kukuche: piga 116, simu ya watoto, bila malipo, Tanzania na Kenya.

Nanyi wazazi, nawasihi: mtoto akianza kusema, zimeni redio, hata hii, mumsikilize.