AMANA YA SAUTI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na vyuoni, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Mwezi wa Oktoba 2024, nchini Poland, stesheni iitwayo OFF Radio Kraków iliweka watangazaji watatu ambao si wanadamu, bali ni wa kutungwa na kompyuta za akili mnemba. Mmoja wao akamhoji Wisława Szymborska, mshairi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Bibi huyo alikwisha fariki mwaka 2012! Maneno yaliyosikika hakuyasema yeye. Maelfu ya watu walitia sahihi kupinga, na baada ya wiki moja hivi jambo lile likakomeshwa.

Tusiwacheke. Chombo hiki kimekwisha bisha hodi katika redio zetu za jamii, zenye fedha chache na watangazaji wa kujitolea. Wala hatusemi kuwa ni haramu, kwani kanuni ya mafakihi wengi ni kuwa asili ya vitu ni halali. Kinaweza kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa na kufasiri tangazo la mvua. Huo ni msaada.

Lakini tujue kinavyofanya kazi. Kimelishwa maandishi mengi mno, nacho hukisia neno lipi lifuate neno lipi. Hakitofautishi kweli na uongo kama ashuhudiavyo shahidi. Ukikiomba Hadithi, chaweza kukutungia matini pamoja na isnadi yake, kwa ufasaha wa kupendeza. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, hakutosheka na uzuri wa maneno. Aliuliza ni nani aliyesimulia, ni mkweli kiasi gani, na je, alikutana na aliyemsimulia? Mashine haikukutana na mtu yeyote. Ewe mwanafunzi, ufasaha si isnadi.

Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuifuata. Mzee aliyeko shamba hana pa kuhakikishia. Redio ndiyo shahidi wake. Akisikia tangazo la msiba atafunga safari. Akisikia dawa ataitumia.

Basi enyi wenye kuongoza redio, shikeni mambo matatu. Msiigize sauti ya mtu, hai wala maiti. Sheikh aliyetangulia mbele ya Haki, kanda zake zatosha. Kilichotengenezwa kwa mashine, mtangazieni msikilizaji. Na habari, fatwa, tangazo la msiba au la maradhi, lisipite ila limesomwa na mtu mwenye jina, atakayeulizwa hapa duniani na kesho Akhera. Mashine haitasimamishwa kuhesabiwa, tutasimamishwa sisi.

Ewe Mola, zihifadhi ndimi zetu na masikio yetu. Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi nanyi. Amin.