Kila hesabu iwe na jina lake

Maneno tuliyotoa mbele ya vijana wa kartie, kwenye mukutano wa Jumamosi, Goma



Tunajua wengi wenu mulikuja mukifikiri leo tutapanga maandamano. Hapana. Leo tunapenda tuongee juu ya liste. Ndiyo, liste za kawaida: zile tunaandika katika kaye ao katika telefone, jina chini ya jina, bei chini ya bei. Musicheke. Sisi tunaosema hapa tulimaliza iniversite, diplome ziko ndani ya masanduku, kazi hakuna. Lakini tulijifunza kitu kimoja kwa njia ya aibu, na hatupendi kartie zingine zijifunze kwa njia ile ile.

Munakumbuka wakati tulikusanya makuta ya salongo, ili tununue vyombo vya kufungua mitaro kabla ya mvua. Watu walitoa kweli. Mama muuza ndizi alitoa franka 500. Wengine walitoa dola. Dada mumoja kati yetu njo alikuwa anashika sanduku na kaye. Kila mutu akitoa dola, yeye alikuwa anaibadilisha kwa franka katika kichwa, anaandika franka tu. Siku zile dola moja ilikuwa franka 2800. Mwisho kaye ikasema: franka 660000.

Siku ya kununua, tukafungua sanduku. Mulikuwa dola 160, na franka 212000. Tukapeleka dola kwa wabadilisha makuta. Siku ile dola ilikuwa imeshuka, franka 2750. Tukarudi na franka 440000. Ongeza 212000, inatoa 652000. Kaye inasema 660000. Franka 8000 haionekani.

Wandugu, kwa 8000 tulifanya nini? Tulimuangalia dada yule. Hakuna aliyesema "umeiba", lakini kila mutu alikuwa anauliza maulizo yenye harufu ya "umeiba". Akatoka bila kuaga. Hajarudi mupaka leo. Nyuma ya wiki mbili tu njo mumoja wetu akachukua vikaratasi vile dada alikuwa amehifadhi, akahesabu dola peke yake, franka peke yake. Dola 160, mara tofauti ya franka 50, inatoa 8000 kamili. Hakuna aliyekula kitu. Dola ilishuka tu, na kaye yetu haikuwa na fasi ya kusema kwamba dola imeshuka.

Kosa halikuwa la dada. Kosa lilikuwa la liste. Tuliandika namba bila jina. Ile 660000 ilikuwa imemeza ndani yake dola, franka, na bei ya siku moja, na hakuna mutu angeweza kuitapisha tena.

Sasa tuangalie vile tunaandika leo:

dola = 2750
za_dola = 160
za_franka = 212000
jumla = za_dola * dola + za_franka

Kale kanyota katikati maana yake ni "mara". Mistari ine tu. Mustari wa kwanza unasema dola moja ni franka ngapi leo. Wa pili na wa tatu zinasema kitu gani kiko ndani ya sanduku. Wa ine hauna namba hata moja: unasema tu namna ya kuhesabu. Kesho dola ikipanda ama ikishuka, unagusa mustari wa kwanza peke yake. Mingine hauigusi. Jumla inabadilika yenyewe, na kila mutu anaona kwa nini imebadilika.

Shuleni mwalimu alikuwa anaita kitu kama hiki "variabo", anaandika x na y kwenye ubao, na tulikuwa tunauliza x itatusaidia wapi katika maisha. Basi, x ni dola. Y ni bei ya bidoni. Ni jina tunalolipa namba ile inaweza kubadilika, ili tuiandike mara moja tu, pahali pamoja tu.

Namna hii inaweza kufanyika katika kaye, na kalamu, ukihesabu kwa mukono. Lakini kama uko na telefone ya Android, kuna programu moja ndogo sana inaitwa bc. Si ya juzi: iliandikwa miaka ya 1970 kwenye Bell Labs kule Marekani, na Lorinda Cherry na Robert Morris, na mupaka leo inatumika. Hailipishwi. Unaweka kwanza Termux, alafu unaweka bc ndani yake. Mega zinahitajika siku ya kuiweka tu. Kisha unaweza kuhesabu usiku, bila rezo, bila kuomba mutu. Unaandika liste yako katika faili ya maandishi, tuseme maji.txt, alafu unaandika:

bc < maji.txt

Inasoma mustari kwa mustari. Pale unaandika jina na alama ya sawasawa, inakumbuka. Pale unaandika jina peke yake, ama hesabu peke yake, inakujibu.

Sasa tuingie katika maji, ju maji njo ugonjwa wa muji wetu. Tuko pembeni ya ziwa Kivu, lakini asubuhi watoto wanabeba bidoni za njano kabla ya kwenda masomo. Chukua mufano wa familia moja ya watu 6, wanaonunua bidoni 5 za litre 20 kila siku, bidoni moja franka 200. Andika:

scale = 2
dola = 2750
bei = 200
bidoni = 5
watu = 6
siku = 30
mwezi = bei * bidoni * siku
mwezi
mwezi / dola
bidoni * 20 / watu
bei * 50

Majibu yanakuja mane. Ya kwanza: 30000, ni franka ambazo familia inalipa kwa mwezi. Ya pili: 10.90, ni dola. Ya tatu: 16.66, ni litre ambazo kila mutu anapata kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ya ine: 10000. Hii ya mwisho ni bei ya metre kibu moja, ju metre kibu ni litre 1000, ni kusema bidoni 50.

Shikeni ile ya tatu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema mutu anahitaji kati ya litre 50 na litre 100 kwa siku ili aishi vizuri. Familia yetu ya mufano iko na 16. Ili ifike kwenye 50, inahitaji litre 300, ni bidoni 15. Badilisha mustari mumoja tu: bidoni = 15. Mwezi inakuwa franka 90000. Baba muzazi asiye na kazi atazitoa wapi?

Alafu pompe ikiharibika ama kurã ikipotea, bei ya bidoni inapanda. Rudisha bidoni kwenye 5, andika bei = 250. Mwezi inakuwa 37500. Franka 50 juu ya bidoni moja inaonekana kama kitu kidogo, mutu analipa huku anasonya tu. Lakini liste inakuonyesha kwamba 50 ile, kwa mwezi, ni franka 7500 iliyotoka katika chakula cha watoto.

Njo kwa sababu gani tunawasumbua na mambo haya. Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi ya kunywa inahakikishwa. Tunaweza kusimama mbele ya biro fulani na kupiga kelele "tunataka maji!" Watatujibu: "vijana, tunashugulikia." Lakini tukiingia na karatasi yenye familia 40 za avenue moja, kila moja na watu wake, bidoni zake, bei yake, na chini namna ya kuhesabu, hapo mukubwa hawezi kusema tunadanganya. Anaweza kusema bei si 200. Vizuri! Tutamuambia: muzee, andika wewe bei unayojua, kwenye mustari ule pale, na tuhesabu pamoja. Liste ya namna hii haiogopi kuulizwa.

Na leta ikitutolea namba zake, tutaziuliza vile vile. Wanaposema mradi umekula dola fulani, tuulize: ngapi mara ngapi? Tiyo metre ngapi, metre moja bei gani, siku gani ya dola? Namba kubwa isiyokuwa na mistari chini yake ni kama ile 660000 yetu. Inaweza kuficha mwizi, na inaweza pia kumuchafua mutu asiye na kosa.

Sasa tuwaonye, ju na sisi tulianguka.

Kwanza, nukta. Sisi tulifunzwa kuandika elfu mbili mia nane hivi: 2.800. Kwa bc ile ni mbili na kitu. Familia yako itakuwa imelipa maelfu ya dola kwa maji ya mwezi mumoja! Andika 2800, bila nukta, bila koma, bila nafasi.

Pili, ule mustari wa scale = 2. Ukiusahau, bc inakata kila kitu nyuma ya nukta inapogawanya. Litre 16.66 inakuwa 16, dola 10.90 inakuwa 10. Na hata ukiuandika, bc haikaribishi juu, inakata tu. Mujue.

Tatu, na hii njo mbaya zaidi: majina. Ukiandika juu bidoni, na chini ukaandika bidon, bc haitapiga kelele. Haijui jina lile, basi inalihesabu kuwa sufuri, na inakupa jibu kimya kimya. Mumoja wetu alipata kwamba avenue nzima inatumia franka 0 kwa maji, na ilikuwa herufi moja tu iliyopotea. Njo maana hakuna liste inayotoka hapa bila kusomwa na macho ya watu wawili, na hesabu moja ikafanywa kwa mukono ili kuhakikisha.

Ine, tarehe. Ukibadilisha bei ya dola, usifute ya zamani kama vile haikuwepo. Iandike na tarehe yake, ukiweka alama # mbele yake, ju bc inaruka kila kitu kinachofuata alama ile. Na makuta iliyoingia kama dola ibaki dola katika liste. Ibadilishwe kwa franka kwenye mustari wa mwisho tu, bei ya siku ya kuibadilisha.

Mutu atauliza: kwa nini si tablo nzuri za ordinatere, zenye rangi? Zinafaa, hatuzikatai. Lakini ordinatere tuko nayo ngapi hapa? Na katika tablo, hesabu inajificha nyuma ya kisanduku. Anayesoma karatasi anaona jibu, haoni namna. Faili ya maandishi inafunguka kwenye telefone nyingi. Inatumwa kama ujumbe. Mama asiye na telefone, mutoto wake anaikopi katika kaye, na bado inasomeka. Hicho njo tunachotaka: mutu aliyetoa 500 yake aweze kufuata 500 yake mupaka mwisho, bila kutuomba ruhusa.

Tangu leo, wandugu, sanduku letu litakuwa na liste ya namna hii. Itabandikwa kwenye mulango kila Jumamosi, na itatumwa kwa kila aliyechanga. Kila kartie ichague watu wawili: mumoja anaandika, mwingine anasoma nyuma yake. Jumamosi ijayo muje na kaye na kalamu, wenye telefone waje na telefone zenye moto. Tutaanza na avenue moja: nyumba kwa nyumba, tunauliza maulizo matatu tu. Muko wangapi? Munanunua bidoni ngapi? Bei gani?

Na jambo la mwisho, ambalo tungepaswa kulisema kwanza. Kesho saa tisa tutaenda nyumbani kwa dada yule, sisi wote tuliokuwa katika kikao kile. Tutamupelekea ile mistari ine, na vikaratasi vyake. Tutamuambia mbele ya wazazi wake kwamba hesabu yake ilikuwa sawa, na sisi njo tulikosea kumuangalia vile tulimuangalia. Akikubali kurudi, sanduku ni lake. Akikataa, ni haki yake.

Tunaomba leta iheshimu makuta ya wanainchi. Tuanze na sisi kuheshimu mutu anayetushikia makuta yetu.

Tuonane Jumamosi.