Serikali Ikikata Rufaa, Waliouawa Watapata Haki?



Kila tunapozuru makanisa ya mashambani, sisi mawakili hukabiliwa na swali moja. Mtu ameuawa, washukiwa wameshtakiwa, kisha jaji amewaachilia huru. Jamaa za marehemu hutuuliza: je, Serikali haiwezi kukata rufaa ili watu hao warudishwe gerezani? Swali hilo lastahili jibu la kweli, hata kama jibu lenyewe ni chungu.

Tuukumbuke mkasa wa Kiambaa, karibu na Eldoret. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, wanakijiji, wengi wao akina mama na watoto, walikimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa hilo lilitiwa moto. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika kwamba watu 17 waliteketea humo, wengine 11 wakafa hospitalini au njiani, na 54 wakajeruhiwa. Wanaume wanne walishtakiwa kwa mauaji. Mnamo Aprili 2009 Jaji David Maraga wa Mahakama Kuu ya Nakuru aliwaachilia wote wanne, akiulaumu upelelezi wa polisi kwa uzembe wake.

Rufaa ingaliweza kufanya nini hapo? Kwa kifungu cha 379 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Mahakama Kuu ikimwachilia mshtakiwa wa mauaji, upande wa mashtaka waweza kukata rufaa kwa hoja ya sheria pekee. Ukishinda, Mahakama ya Rufaa hutoa tamko la kusahihisha sheria, nalo huzifunga mahakama zilizo chini yake. Lakini haina mamlaka ya kuitengua hukumu ya kumwachilia mtu huyo. Ushahidi uliokuwa dhaifu Nakuru haungalipata nguvu kwa kupandishwa ngazi.

Jirani zetu wa Tanzania wana sheria tofauti. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa katika msitu wa Pande, nje ya Dar es Salaam, na maafisa wa polisi wakashtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachilia. Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja, huku wenzake waliokatiwa rufaa wakibaki huru. Jamaa walingoja miaka kumi.

Wako miongoni mwetu wanaosema: nasi tudai sheria kama hiyo. Twawaelewa, maana anayelia kaburini hana subira ya vifungu. Hata hivyo twaomba mfikiri. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Wakenya walijifunza hapo jinsi dola inavyoweza kumfunga mtu isiyeweza kumshinda kwa ushahidi. Ndiyo maana Katiba ya 2010, ibara ya 50, yamkinga aliyeachiliwa asishtakiwe tena kwa tendo lile lile. Kinga hiyo humfaa mwenye hatia siku moja moja, lakini humfaa asiye na hatia kila siku. Nabothi wa Yezreeli alihukumiwa mbele ya baraza, mashahidi wakiwapo. Tatizo ni kwamba mashahidi wale walikuwa wa uongo, na aliyelitaka shamba alikuwa mfalme.

Basi tufanye nini? Tuache kungoja rufaa, twende mwanzo wa kesi. Mauaji yakitokea, wazee wa kanisa wahakikishe mahali hapo hapakanyagwi ovyo kabla ya wapelelezi kufika. Aliyeona jambo aandikishe taarifa upesi, aseme aliloliona kwa macho yake, wala asiongeze alilolisikia sokoni. Shahidi anayetishwa aelezwe kwamba ipo Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006, naye asaidiwe kuomba ulinzi huo. Jamaa za marehemu nao wasikae nyuma kama wageni. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ilithibitisha kwamba waathiriwa waweza kushiriki kesini kupitia wakili wao. Parokia zikichanga, wakili huyo atapatikana.

Na tunapodai mageuzi, tuseme waziwazi: twataka polisi wanaopeleleza mauaji ya maskini wa kijijini kwa bidii ile ile wanayompelelezea mkubwa. Kesi iliyopelelezwa vibaya huwadhulumu watu wawili: aliyeuawa, na aliyeshtakiwa bure akarudi kijijini akinyoshewa kidole maisha yake yote.

Hatusemi kwamba wale wanne wa Kiambaa walikuwa na hatia. Mahakama iliamua, nasi twaiheshimu. Twasema tu kwamba watu 28 walikufa, na hukumu ile haikutuambia ni nani aliyewaua. Deni hilo liko mikononi mwa Serikali, na sisi tunaoiweka madarakani kwa kura zetu tuna wajibu wa kulidai.