Fangasi wa kucha haponi kwa wiki mbili



Barua za wiki hii zimekuwa nyingi, na karibu zote zinahusu kucha za miguu. Ukucha wa dole gumba umegeuka manjano, umenenepa na unamong'onyoka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Akina mama wanauficha kwa hina au rangi, wanaume kwa soksi. Na kila aliyeniandikia ana dawa yake ya nyumbani anayotaka niipitishe: siki, limao na magadi, kitunguu saumu cha kutwanga, majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, dawa ya kuchua kifua na, Mungu atunusuru, jiki na maji ya betri.

Tuanze na hesabu. Ukucha wa mguuni hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Ule wa dole gumba huchukua mwaka mzima, pengine mwaka na nusu, kutoka shinani hadi nchani. Sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa nzima, bali husukumwa nje polepole na ukucha mpya. Kwa hiyo anayekuambia alipaka dawa fulani wiki mbili akapona, ama hakuwa na fangasi au anauza hiyo dawa. Na kutokuwa na fangasi si ajabu, maana katika kucha zilizoharibika, karibu nusu tu ndizo zenye fangasi. Nyingine zimebanwa na viatu miaka mingi, zimegongwa, zimezeeka, au mwenyewe ana ugonjwa mwingine wa ngozi.

Fangasi mwenyewe amejificha chini ya ukucha, juu ya nyama. Siki inaweza kumsumbua ukimwekea ndani ya glasi. Swali ni itapitaje kwenye ukucha mgumu kama pembe. Kitunguu saumu nacho ni hivyo hivyo, na ukikifunga kidoleni hadi asubuhi kinaunguza ngozi ikafanya malengelenge.

Dawa ya kuchua kifua sina ugomvi nayo. Mwaka 2011 madaktari huko Marekani waliijaribu Vicks kwa watu 18, wakipaka kila siku kwa wiki 48. Watano walipona kabisa, kumi walipata nafuu kiasi, watatu hawakuona kitu. Watu 18 hawajazi hata daladala, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo tusilipigie tarumbeta. Lakini mwenye ngozi nzima na subira ya karibu mwaka anaweza kujaribu bila kujidhuru.

Jiki na maji ya betri ni habari nyingine. Maji ya betri ni asidi. Na wapo watu ambao hata jiki ni hatari kwao kuliko kwa wengine: wenye kisukari. Kisukari kinaua hisia za miguu, kwa hiyo mtu anaungua bila kusikia. Jirani yangu mmoja, dereva mstaafu, aliloweka mguu kwenye jiki jioni tatu mfululizo akisifu kwamba haiwashi hata kidogo. Kuona haiwashi, akaongeza. Kidonda kilipoonekana kilikuwa kimekwisha kuingia ndani, na leo mguu huo una vidole vitatu. Mwenye kisukari mwenye ukucha mbovu asichokonoe wala asiloweke kitu, aende kliniki anakopima sukari, awaonyeshe mguu.

Hospitali kuna kipimo kisicho kikubwa: hukwangua unga wa ukucha, huutia dawa ya potasi na kuutazama kwa darubini. Akionekana fangasi, kuna vidonge vya terbinafini, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, na ukucha huendelea kusafika miezi mingi baada ya vidonge kwisha. Griseofulvini ya zamani humezwa mwaka au zaidi. Vidonge hivi huweza kugusa ini, ndiyo maana sipendi vinunuliwe dirishani kama pipi. Na zile krimu za mchanganyiko zenye dawa ya kutuliza mwasho huficha ugonjwa huku fangasi akinenepa.

Sasa ya nyumbani yenye maana. Muwasho ulio kati ya vidole utibiwe kwanza, maana mara nyingi fangasi huanzia hapo ndipo ahamie kwenye ukucha. Miguu ikaushwe kila inapooshwa, katikati ya vidole hasa, na wanaotawadha mara tano kwa siku wawe na kitambaa chao. Ukucha mnene usuguliwe kwa tupa ya kucha upungue. Kandambili moja ya bafuni kwa wapangaji wote wa nyumba ni kugawana ugonjwa. Wale vijana wanaopita na vikapu wakisafisha kucha kutoka baraza hadi baraza sisemi wafukuzwe, wanatafuta riziki. Nunua mkasi wako na tupa yako, umpe atumie hivyo.

Mama wa Tandika anayeuliza kama atupe raba za mumewe asizitupe. Atoe soli za ndani aziache juani na raba zenyewe siku mbili tatu, na mzee avae jozi mbili kwa zamu ili kila moja ipate kukauka. Soksi afue kila siku, na asizivae mtoto.