Betri Kubwa Kijijini: Tuulize Kwanza



Leo tuzungumze juu ya betri. Siyo ya redio wala ya tochi. Ni makasha makubwa ya chuma yaliyojaa betri. Mchana yanahifadhi umeme wa jua, usiku yanautoa. Taa zinawaka, na mashine ya kusaga haisimami. Hiyo ni faida.

Lakini hatari nayo ipo. Betri za lithiamu zikishika moto, moshi wake ni sumu, na moto huweza kuzimika kisha ukawaka tena. Januari 2025, huko Moss Landing, California, Marekani, ghala la betri liliungua. Watu zaidi ya 1,000 waliambiwa wahame kwa muda.

Je, wakija kutaka ardhi ya kijiji, nani anaamua? Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi ikiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa kuihamisha. Mwenyekiti peke yake hawezi. Fidia nayo hukubaliwa kwanza.

Basi tuhudhurie, kina mama na vijana pia. Tuulize: Makasha yatakuwa umbali gani na nyumba, shule na kisima? Nani atazima moto? Betri zikichakaa zitapelekwa wapi? Umeme wenyewe utafika kwetu?

Majibu yaandikwe katika muhtasari. Usome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Ndugu, sisi tuliojifunza kusoma hatuweki tena dole gumba kwenye karatasi tusiyoielewa.